Watu walicheka dakika 14 tu: filamu yangu ya vituko inakosa nini?

Mpigapicha wa Nkuhungu anauliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nawaandikia kutoka Dodoma, mtaa wa Nkuhungu. Kazi yangu ya kila siku ni kupiga picha za harusi, kipaimara na mahafali. Kwa miaka 3 nimekuwa nikidunduliza ili nitengeneze filamu ya kuchekesha iliyo yangu mwenyewe, na mwaka huu nimeitengeneza. Ina dakika 52. Tuliipiga kwa siku 9, sehemu nyingine hapa mtaani, nyingine Hombolo kando ya bwawa. Waigizaji walikuwa majirani, mafundi wawili wa gereji na shangazi yangu. Mwezi wa saba tukakodi ukumbi kule Ipagala, tukafunga shuka jeupe ukutani, tukawasha projekta. Viti 60 vilijaa vyote na watoto wakakaa chini mbele.

Niwaeleze kwanza filamu yenyewe, maana bila hivyo swali langu halitaeleweka.

Mhusika mkuu ni mzee anayeishi peke yake. Tulimwita Mzee Mwavuli kwa sababu hatoki nje bila mwavuli mweusi, na mnaoijua Dodoma mnajua kwamba mwezi wa saba hapa hakuna hata wingu. Kuna upepo, vumbi na baridi ya asubuhi, basi. Juu ya mwavuli nikamvalisha kiatu cheusi kulia na chekundu kushoto. Anamsalimia mbuzi kabla hajamsalimia mtu. Chai anainywa kwenye bakuli la mchuzi kwa kijiko. Akipita mbele ya benki anatembea kinyumenyume. Anabishana na redio. Akirudishiwa chenji anainusa kwanza. Kila kituko nilikiandika usiku kwenye daftari nikicheka peke yangu, na siku ya kupiga, kijana wangu wa kamera alicheka hadi picha ikatikisika tukalazimika kurudia.

Ukumbini mwanzo ulikuwa mtamu. Mzee alipotokea na mwavuli wake katikati ya vumbi, watu walipasuka. Alipopita benki kinyumenyume, mama mmoja alijishika mbavu akamwegemea mwenzake. Mimi nilisimama nyuma karibu na mlango, nikitazama visogo vya watu badala ya picha. Uso wa mgeni wako unaweza kukuonea aibu, kisogo hakiwezi. Dakika ya 14 niliangalia saa kwa sababu nilisikia kitu kimebadilika. Mzee alikuwa anamsalimia mbuzi kwa mara ya tatu, na waliocheka walikuwa watoto peke yao. Dakika ya 20 simu zikaanza kuwaka moja moja gizani. Kwenye dakika ya 30 hivi, mtoto wa kama miaka 7 akamuuliza baba yake kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia: "Baba, huyu babu anataka nini?"

Baba yake akamjibu kwa upole: "Hataki kitu, anachekesha tu."

Ndugu zangu, hilo jibu nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku ile. Hakuna aliyenitukana. Mwisho walipiga makofi, lakini makofi ya ndugu na majirani nayajua. Baadaye nikampelekea kazi mtu mmoja anayenunua filamu kwa ajili ya kituo cha televisheni, akaniambia niongeze vituko na niweke muziki wa kuchekesha kila mzee anapotembea. Nikakaa wiki mbili, nikaongeza vituko vinne na muziki. Nilipoirudia kuitazama peke yangu, mimi mwenyewe sikufika mwisho.

Swali langu ni hili. Filamu ya watu wa ajabu ajabu, ambayo raha yake yote ni ule uajabu, kweli inahitaji mkasa uliosukwa na mtu wa kuaminika kama filamu za machozi? Au nimekosea mahali pengine, kwenye uhariri au uigizaji? Naomba mnaozijua hizi kazi mniambie bila kunificha. Nina nia ya kuirudia yote.

---

Kibanda cha Majengo anajibu:

Mdogo wangu, hongera kwanza. Kumaliza dakika 52 kwa fedha za mfukoni si mchezo. Na umefanya jambo ambalo watengenezaji wengi hawalifanyi, umesimama nyuma ukawatazama watu.

Mimi nilikuwa na kibanda cha video karibu na soko la Majengo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Deki moja, televisheni ya inchi 21, mabenchi ya mbao, mapazia ya magunia. Kabla kanda zilizotafsiriwa na Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa filamu kwa Kiswahili, hazijaanza kutufikia kwa wingi, wateja walinitaka mimi nisimame pembeni niwatafsirie. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Kichina ndiyo kabisa. Kwa hiyo nilikuwa nakaa na kanda usiku, peke yangu, naitazama mara mbili nikitafuta mambo mawili tu: huyu anataka nini, na nani anamzuia. Nikishayajua hayo mawili, naweza kuitafsiri filamu nzima kwa saa mbili bila kuelewa sentensi hata tano, na watu wakatoka wameridhika.

Filamu zilizonishinda hazikuwa zile zenye maneno mengi. Zilizonishinda ni zile ambazo nilitazama mara mbili na sikuona mtu anataka nini. Hapo hata ungejua Kiingereza cha malkia huna cha kuwatafsiria watu. Za kuchekesha ndizo zilizokuwa nyingi katika kundi hilo, za watu wanaokunja sura na kuanguka anguka. Dakika kumi kibanda kinacheka, baada ya hapo mtu wa kwanza anainuka kwenda kununua karanga. Akishainuka wa karanga, jua kazi imekwisha.

Sasa nikupe mfano wa upande wa pili. Kanda iliyonilipa kuliko zote haikuhitaji mtafsiri kabisa. Ilikuwa ya Charlie Chaplin, ile ya mwaka 1925 ya watafuta dhahabu kwenye theluji. (Wazee wetu walikuwa wakimwita mchekeshaji yeyote "chale", kwa jina la huyohuyo.) Mnaikumbuka sehemu ya kiatu? Yeye na mwenzake wamekwama kwenye kibanda cha mbao, njaa imewafikisha pabaya, na yeye anapika kiatu chake. Anakitoa kwenye sufuria kwa adabu zote, anakikata kama nyama ya sikukuu, kamba anazizungusha kwenye uma kama tambi, misumari anaifyonza kama mifupa ya kuku. Kiatu chenyewe kilikuwa cha likorisi, ile peremende nyeusi, ndiyo maana alikitafuna kweli.

Mwaka nilipoionyesha kanda ile, hapa kwetu mvua ilikuwa imekataa. Kwenye mabenchi yangu walikaa watu waliotoka vijijini kutafuta vibarua, watu ambao njaa hawakusimuliwa. Nilidhani watachukia. Walicheka kuliko watu wa mjini wote. Mzee mmoja aliniambia wakati wa kutoka, "Huyu aliwahi kulala njaa." Na kweli, Chaplin alikulia London katika umaskini mkubwa, alipelekwa makao ya maskini akiwa mtoto.

Angalia kilichofanyika pale. Kula kiatu ni kituko kuliko vyote vyako. Ila kimekaa juu ya njaa, na njaa kila mtu anaijua. Ungeiondoa ile njaa, ukamwacha mtu anakula kiatu kwa sababu ni mtu wa ajabu, kibanda changu kingecheka mara moja na kwenda kununua karanga.

Yule mtoto wa Ipagala ndiye mhakiki wako. Amekuuliza lile swali langu la usiku.

---

Mama wa Mvumi anajibu:

Mbukwenyi. Mimi si mtu wa filamu, ni mkulima wa uwele na karanga, na mazungumzo haya nimeyakuta kwenye simu ya mwanangu. Ila kuchekesha nakujua, kwa sababu mimi ni mtani wa watu kwenye misiba.

Mwaka jana alifariki bibi mmoja upande wa watani wetu. Nikaenda. Mtani ukifika msibani una ruhusa ya kufanya mambo ambayo mtu mwingine angefukuzwa. Nilijifunga kitenge cha marehemu, nikachukua fimbo yake, nikaenda jikoni walikokuwa wanapikia waombolezaji. Nikafunua sufuria ya kwanza, nikaonja, nikafunika. Ya pili, nikaonja, nikafunika. Nikasema kama alivyokuwa akisema yeye siku zote: "Chumvi ipo, ila haijaamka." Wanawake waliokuwa wanalia walicheka mpaka wakakaa chini. Binti yake mkubwa alicheka na kulia kwa pamoja, akanishika mkono na hakuniachia hadi jioni.

Palikuwa na kijana aliyetoka mjini, shemeji wa mtu fulani, akaona nimefanikiwa, naye akataka kuchekesha. Akaiga mlevi. Akayumba, akaanguka kwenye majivu, akaamka, akaanguka tena. Aliiga vizuri kuliko mimi nilivyoiga. Watu wakamtazama, wengine wakageukia mboga zao.

Kufunua sufuria si jambo la kuchekesha, mwanangu. Wapishi wote wanafunua sufuria. Walicheka kwa sababu miaka yote bibi yule hakuwahi kumwamini mtu kwenye chumvi, hata siku ya harusi ya binti yake alitoka kwenye kiti cha heshima akaenda kuonja pilau, na sasa kwa mara ya kwanza chumvi inatiwa na yeye hayupo. Yule mlevi wa kijana hakuwa mlevi wa mtu yeyote. Hakuwa na jina, hana mke anayemsubiri, hana deni. Unamchekaje mtu ambaye hayupo?

Nami nina swali moja kwa mzee wako. Huo mwavuli alipewa na nani? Kama wewe uliyemzaa hujui, sisi tutajuaje?

---

Nusu Yai anajibu:

Kwa heshima zote kwa wazazi waliotangulia, shikamooni, mimi sikubaliani. Niko hapa chuo kikuu, UDOM, natengeneza klipu za kuchekesha. Iliyotembea kuliko zote ina sekunde 40: jamaa anaingia dukani, anaagiza nusu ya yai. Muuza duka anamwambia mayai hayauzwi nusu. Jamaa anasema sawa, nipe hiyo nusu ya juu. Mwisho. Hakuna historia yake, hakuna mke wala deni. Klipu ilisambaa mpaka ikanirudia kutoka kwa mama yangu mdogo aliyeko Singida, hajui kama ni yangu.

Uajabu una raha yake kwa sababu hauna sababu. Mkianza kumweleza kila kitu huyo mzee, mwavuli alipewa na nani, viatu alinunua wapi, utoto wake ulikuwaje, mtabaki na filamu ya ushauri nasaha. Kaka, usiwasikilize wakakuulia mzee wako. Labda tatizo ni urefu tu. Ikate iwe ya dakika 14, ukumbi wenyewe umeshakuonyesha mahali pa kukata.

---

Mpigapicha wa Nkuhungu:

Mdogo wangu Nusu Yai, klipu yako naijua, nimecheka nayo kabla sijajua kuwa ni wewe. Nimeirudia leo asubuhi mara sita kwa sababu ya maneno yako, na nimeona jambo ambalo nadhani hata wewe hukulikusudia. Jamaa yako anataka kitu. Anataka nusu ya yai, anaitaka kwa moyo wote, wala hacheki. Na yuko mtu mbele yake anayemkatalia, na yeye anatafuta njia ya kumkubalisha. Yote yale aliyoyasema mzee wa Majengo yamo ndani ya sekunde 40. Muuza duka naye nimemwamini, kwa namna anavyoendelea kupanga sabuni huku anajibu. Wauza duka wote wa mtaani kwetu wanajibu hivyo.

Mzee wangu mimi ndiye hana hata hiyo nusu ya yai.

Ila kuhusu kuikata iwe ya dakika 14, nakubali ingechekesha. Sitaki kuikata kwa sababu nataka watu watoke ukumbini wakiwa wanamjua. Klipu watu wanaitumiana, na hiyo ni heshima kubwa. Lakini marehemu King Majuto, yule mchekeshaji, alipofariki Agosti 2018, watu hapa mtaani kwangu walihuzunika kama wamefiwa na mjomba. Tulimjua. Ukimwona tu anakohoa na kurekebisha kofia unajua kuna hela ya mtu anaitolea macho. Nami natamani kufika huko, kidogo tu.

---

Nusu Yai:

Sawa kaka, ya kupanga sabuni umenipata, ile aliifanya mwigizaji mwenyewe. Ila neno langu moja lishike. Hata ukiujua mwanzo wa mwavuli, usiharakishe kutuambia. Tuache tushangae kwanza.

---

Mhariri Area C anajibu:

Nimechelewa kidogo kwa sababu nilimwomba mwenye mada anitumie orodha ya sini zake, naye akanitumia. Ni sini 31. Nimefanya jambo ninalolifanya na kazi yoyote inayoletwa kwangu: nimeandika kila sini kwenye kikaratasi, nikavichanganya kama karata, nikavipanga upya kwenye meza bila kuangalia.

Kaka, filamu yako haikuumia. Mbuzi akaja kabla ya benki, benki ikaja baada ya redio, chai ikahamia mwisho, na hakuna kilichogoma. Sini mbili tu ndizo zilizokataa kuhama: ile ya kwanza anapoamka, na ile ya mwisho anapolala. Katika sini 31, 29 hazitegemeani kwa lolote. Huo ndio ugonjwa, na hauwezi kutibiwa kwenye meza ya uhariri wala kwa muziki. Aliyekwambia uongeze vituko alikuwa anakuongezea karata.

Kazi za harusi ndizo zilizonifundisha hili, na wewe pia ni mtu wa harusi utanielewa. Video ya harusi haichoshi ndugu hata ikiwa na saa tatu, kwa sababu kila mtu anajua bibi harusi hajafika bado, mahari iliwahi kugombewa, mjomba mmoja alisema hatakuja. Mjomba akitokea mlangoni na jogoo mkononi, ukumbi unalipuka. Jogoo yuleyule ukimpiga picha sokoni ni jogoo tu.

Kama una bando, tafuta filamu ya Buster Keaton ya mwaka 1926, ile ya dereva wa treni wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Iko huru kwenye intaneti. Haina sauti. Anaibiwa injini yake anayoipenda, anaifuata peke yake hadi nyuma ya maadui, anaipata, anarudi nayo. Kwenda na kurudi, mkasa wote huo. Lakini kwa sababu reli ni moja, kila kituko kinasukumwa na kilichotangulia: anachokitupa relini maadui wakati wa kwenda, anakuja kukitupa yeye wakati wa kurudi. Kuna daraja linaloungua, na treni ya kweli inaporomoka nalo mtoni, hawakutumia mfano wa kuchezea. Na kicheko kinakuja baadaye kidogo, pale kamera inapomrudia kamanda aliyeamuru treni ivuke, anakodoa macho tu.

Sisi wa Dodoma tumekua tukisikia honi ya treni ya reli ya kati, kwa hiyo naiona ile injini kama kitu cha kwetu. Lakini nilichotaka ukitazame hasa ni uso wa Keaton. Hatabasamu. Yuko katikati ya mambo ya ajabu na uso wake ni wa mtu aliye kazini. Sasa rudi kwenye picha zako. Sini ya benki, kabla tu mwigizaji wako hajageuka kutembea kinyumenyume, midomo yake inacheza. Anajua anachekesha. Watu wakiona yeye anajua, wanaacha kumwamini, na ukumbi mzima unageuka kuwa watu wanaotazama jirani yao akijifanya. Simlaumu. Hakupewa sababu ya kutembea kinyumenyume, angefanya nini zaidi ya kutabasamu?

---

Mpigapicha wa Nkuhungu:

Nimenyamaza siku nne. Nilikuwa naandika. Naomba niwashukuru wote, na hasa mama wa Mvumi, kwa sababu swali lake lilinikumbusha jambo ambalo sikujua kama nimelibeba.

Mwavuli sikuubuni. Nilipokuwa darasa la tatu, baba yangu mkubwa alikuwa fundi viatu kwenye stendi ya mabasi hapa mjini. Siku moja ya mvua kubwa, abiria mwanamke aliyekuwa anapanda basi alimwona amelowa na viatu vya watu, akampa mwavuli wake dirishani, akamwambia, "Utanirudishia nikirudi." Basi likaondoka. Hakuuliza jina, hakuuliza anarudi lini. Baba mkubwa akaukunja mwavuli akaja nao nyumbani, na kuanzia hapo kila asubuhi akawa anaondoka nao, kiangazi na masika, asije akatokea mwenyewe akamkuta hana. Sisi watoto tulimcheka sana. Sikumbuki kama mwenye mwavuli alirudi. Nilichokibeba miaka yote ni mzee mwenye mwavuli kwenye jua, sababu yake nikaiacha nyuma. Nikaenda Ipagala nikaonyesha watu mwavuli mtupu.

Basi mzee wangu mpya ni fundi viatu. Mwavuli si wake. Kwa kuwa si wake, hautumii. Hiki ndicho kituko ambacho sikuwahi kukiandika kwenye daftari, na kimekuja chenyewe: mvua inaponyesha, yeye analowa chapachapa huku ameushika mkononi umekunjwa. Jioni anaufuta vumbi kwa kitambaa cha kung'arishia viatu.

Kisha stendi ikahama. Mnajua mabasi yalivyohamia Nzuguni. Mafundi wenzake wote wanafuata abiria. Yeye anabaki pale pa zamani, kwa sababu yule mama anamjua akiwa pale. Wateja wanakwisha. Binti yake anamlilia ahamie Nzuguni kama wenzake, kodi ya chumba imefika. Akienda Nzuguni, mama akirudi pale pa zamani hatamkuta. Akibaki, mabasi hayashushi tena mtu pale. Anaanza kugawa siku: asubuhi huku, mchana kule, na nauli ya daladala inakula hela ya gundi na uzi.

Mhariri, nimezichanganya karatasi zangu mpya kama ulivyofanya. Safari hii zimegoma. Nilifurahi mpaka nikamwamsha mke wangu usiku kumwonyesha.

Kutembea kinyumenyume kumebaki, ila kumehama kutoka benki. Sasa anatembea hivyo anapoondoka stendi jioni, ili macho yake yabaki kwenye mabasi yanayoingia. Nimemweleza hivyo mwigizaji wangu, yule fundi wa gereji. Hakutabasamu. Aliniuliza, "Basi la mwisho linaingia saa ngapi?" Nikajua ameshamwelewa.

Mbuzi nimemtoa. Redio nimeitoa. Kunusa chenji nimekutoa. Kiatu chekundu kimeniuma sana, kwa sababu ndicho kilichochekesha zaidi kwenye bango, nikajaribu kukiokoa kwa kusema ni kiatu cha mteja aliyesahau kukichukua. Lakini mtu asiyefungua mwavuli wa mwenzake hata kwenye mvua hawezi kuvaa kiatu cha mteja. Yeye mwenyewe ndiye aliyekikataa. Nikakifuta.

Nusu Yai, neno lako nimelishika. Sababu ya mwavuli haitajwi mpaka nusu ya filamu, na anayeisema si mzee. Anaisema binti yake, akiwa amekasirika, kwa mwenye nyumba.

Mwisho wake mwenye mwavuli anakuja. Nimeandika kwamba anashuka pale Nzuguni, mzee anamtambua, anamkimbilia kupita mizigo na watu, anampa. Na yule mama haukumbuki. Anasema kwa upole kabisa, "Baba, mimi sijawahi kuwa na mwavuli mweusi." Anapanda bodaboda anakwenda zake. Mzee anabaki ameushika, na wingu la kwanza la mwezi wa kumi na mbili liko juu yake. Kama anaufungua au hafungui, nimeandika mara mbili na zote mbili nimezichana. Shangazi yangu anataka aufungue. Fundi wa gereji amesema kama ni yeye hafungui. Nitaamua tukiwa pale.

Mvua hatuwezi kuitengeneza kwa bomba, maji yenyewe mtaani kwetu ni ya mgao, kwa hiyo tutasubiri mvua ya kweli, na nyingine zote tutakuwa tumeshazipiga kabla ya Desemba. Nimeshapata kibanda cha fundi, nimepata viatu vibovu gunia zima. Kitu kimoja bado. Ule mwavuli wa kwanza ulivunjika kwa upepo tukiwa Hombolo, na wa dukani wote sasa ni wa kubonyeza, mpini wa plastiki. Natafuta mweusi wa zamani, mrefu, wenye mpini wa mbao uliopinda. Aliye nao hapa Dodoma, au Chamwino, au hata Bahi, naufuata mwenyewe. Aniazime tu, nitaurudisha.